Muulize Shangazi: Picha za kutisha, na nani akae mbele ya runinga

Shule zikifungwa, barua zangu hubadilika. Za ada na sare hupungua, zikaja za kugombania rimoti. Mwezi huu nimechagua tano, zote za picha za kutisha. Kwa msomaji mgeni: enzi za deki nilikuwa na duka la kukodisha kanda Ngamiani, Tanga. Kupokea hela ilikuwa kazi ndogo. Kazi kubwa ilikuwa kumtazama mtoto aliyesimama kaunta na kuamua kama kanda anayoitaja ametumwa na baba yake au amejituma mwenyewe. Ndiyo maana mhariri barua hizi ananiletea mimi.

*Shikamoo Shangazi. Binti yangu ana miaka 12. Amemaliza filamu zote za Harry Potter, sasa anataka The Woman in Black kwa sababu Daniel Radcliffe yumo. Ananionyesha kwenye simu kwamba Uingereza imepitishwa kwa watoto wa miaka 12, haina matusi, haina mambo ya chumbani. Baba yake anasema kama Waingereza wameipitisha, sisi ni nani? Mimi moyo unasita. – Mama Binti, Arusha*

Marahaba mwanangu. Binti yako hajakudanganya, na moyo wako nao haujakudanganya.

Filamu hiyo ilitoka mwaka 2012. Bodi ya Uingereza, BBFC, iliipa daraja la 12A, yaani sinemani hata mtoto wa chini ya miaka 12 anaingia mradi awe na mtu mzima. Lakini haikupita kama ilivyoletwa. Bodi iliiona ni ya miaka 15. Wasambazaji walikuwa wanaitaka 12A, kwa hiyo zikakatwa sekunde kama sita, baadhi ya picha zikatiwa giza, na sehemu nyingine ikapunguzwa sauti. Hata baada ya kunyolewa hivyo, malalamiko 134 yalifika kwenye bodi, na hakuna filamu nyingine mwaka huo iliyolalamikiwa kiasi hicho. Stelingi ni kijana ambaye watoto wa dunia nzima walikuwa wamekua naye akiwa na miwani ya duara na fimbo ya uchawi, wakamfuata. Binti yako anamfuata kwa sababu ileile.

Hapo kwenye kupunguza sauti pasikupite. Mzazi akitaka kuipima picha ya kutisha hutazama damu, na damu kwa kawaida ndiyo sehemu nyepesi. Mtoto hutikiswa na ukimya wa nusu dakika, ukufanye usogee mbele kwenye kiti, halafu kishindo. Fanya hivi: chukua kipande chochote cha picha hiyo, kiangalie umezima sauti kabisa, kisha kirudie na sauti ikiwa juu. Utaona mlango uleule, korido ileile, na wewe mwenyewe safari hii umeshika mto. Nimewahi kumwambia mteja mmoja mbishi aangalie kanda aliyotaka kuwapa watoto wake huku deki imefungwa sauti. Akanirudishia kesho yake akisema haitishi kabisa. Nikamwambia haya, sasa ongeza. Alirudi kuchukua katuni.

Sasa hadithi yenyewe. Nitakufungulia mpaka mwisho kwa makusudi, kwa sababu wewe hapa ni mzazi, uhondo wako utapata kwingine. Wakili kijana, amefiwa na mke, ana mtoto wa miaka minne. Anatumwa kijiji cha mbali kupanga makaratasi ya marehemu kwenye jumba lililo katikati ya kinamasi. Kuna mzuka wa mwanamke ambaye mtoto wake alizama kwenye matope hayo. Kila mzuka ule unapoonekana, mtoto mmoja wa kijiji anakufa, tena anakufa kwa mkono wake mwenyewe, kama aliyeamrishwa. Picha inafunguliwa na wasichana watatu wadogo wanaocheza na wanasesere. Wanainuka, wanakwenda madirishani, wanajirusha. Ndiyo dakika ya kwanza hiyo.

Mimi, kabla ya kuuliza kama kuna damu, huuliza anayekufa ni nani. Mtoto wa miaka 12 anaweza kukaa na picha ambayo watu wazima wabaya wanaliwa na zimwi mmoja mmoja na akaishia kucheka. Mpe picha ambayo wanaokufa ni wenzake, kwenye vyumba vyenye wanasesere kama wake, na huyo haangalii tena, yumo ndani.

Swali langu la pili ni picha inakwishaje. Hii inakwisha hivi: wakili anautoa mwili wa yule mtoto kwenye matope, anamzika pamoja na mama yake, anafanya kila ambacho mtu mwema angefanya. Halafu kituoni mtoto wake anashuka kwenye reli, baba anaruka kumwokoa, treni inawapitia wote wawili. Kisha wanaonekana wamekutana na mama kwenye mwanga mweupe. Mtu mzima ataona faraja hapo. Mtoto ataona kwamba baba alijitahidi picha nzima na haikusaidia kitu. BBFC wenyewe, katika miongozo yao, huangalia kama tukio la kutisha linafuatiwa upesi na faraja. Nami naongeza: mtoto huondoka na kile alichokiona mwisho.

Baba watoto mwambie hivi kwa heshima: bodi si wajinga. Mwaka 2013 bodi ya Marekani iliipa The Conjuring daraja la R, la chini ya miaka 17 kuingia na mzazi, ingawa waliotengeneza walitarajia daraja la chini yake kwa kuwa damu na matusi ni haba. Bodi ilihesabu hofu peke yake. Kwa hiyo wanajua kazi. Ila wanampimia mtoto wasiyemjua. Hawajui kama huyu wako alimzika mdogo wake mwaka jana, au kama analala chumba cha nyuma peke yake, au kama ni yule anayecheka kwenye giza na kuwatisha wenzake. Hayo mnayajua nyinyi wawili.

Hukumu yangu: likizo hii, hapana. Asubiri mpaka 14 hivi. Kama hajawahi kuangalia picha yoyote ya kutisha, hii si ya kuanzia hata akifika 14. Na siku itakapofika, iangalie wewe kwanza peke yako, kisha muangalie wote mchana, mapazia wazi, rimoti mkononi mwako, na makubaliano kwamba akitaka kutoka anatoka na hakuna atakayemcheka wakati wa chakula. Kama shida ni Radcliffe tu, mrudishe kwa Harry Potter. Hatachoka.

*Shikamoo Shangazi. Kijana wangu wa miaka mitano aliona kwenye simu ya kaka yake kipande cha mtu anayegeuka dubwana. Tangu siku hiyo hataki kwenda chooni peke yake (choo chetu ni cha nje), na usiku analala katikati yetu. Nimemweleza mara mia kwamba yule ni mwigizaji amepakwa rangi, nikamwonyesha hata video ya jinsi wanavyoitengeneza ile sura. Ndiyo kwanza anazidi. Nifanyeje? – Baba Asiyelala, Morogoro*

Marahaba baba. La kwanza: acha kumweleza. La pili: hiyo video ya kutengeneza sura, ifute. Kwako ilikuwa somo, kwake dubwana limerudi mara ya pili, na safari hii limeletwa na baba.

Marekani kuna mtafiti anayeitwa Joanne Cantor, wa chuo kikuu cha Wisconsin, aliyefanya kazi miaka mingi juu ya watoto na hofu ya runinga. Katika utafiti mmoja waliwaonyesha watoto mchezo wa runinga wa The Incredible Hulk, yule bwana mpole anayevimba na kugeuka pandikizi la kijani. Wadogo, wa shule ya awali, walishikwa na hofu hasa anapogeuka na baada ya kugeuka. Wakubwa wa miaka tisa mpaka kumi na moja hawakujali sana, kwa sababu walishaelewa kwamba pandikizi lile huja kuwaokoa watu. Mdogo hasikilizi hadithi. Anaona sura. Sura ikiwa mbaya, mambo yamekwisha.

Ukienda mbele umri unapindua mambo. Mwaka 1983 Marekani walionyesha runingani filamu ya The Day After, kuhusu bomu la nyuklia. Watoto wadogo ndio waliosumbuka kidogo zaidi, vijana na wazazi wao ndio waliokosa usingizi. Hakuna dubwana mle, kuna jambo linaloweza kutokea kweli. Nakwambia haya kwa faida ya huyo kaka mtu na wengine ulio nao: wa mitano muangalizie sura, wa tisa au kumi muangalizie mambo yanayoweza kumfika kama wezi, moto na kutekwa, na wa kumi na tano muangalizie mawazo.

Sasa usiku wa leo. Mtoto wa umri huo hofu yake hutulizwa kwa mwili kabla ya maneno. Mpakate, mpe maji ya kunywa, acha taa ndogo, mpe kitu chake cha kushika. Ukienda naye chooni usihutubie. Tochi aishike yeye, aimulike yeye, kwa sababu anayeshika tochi ana kazi, na mwenye kazi huogopa kidogo. Siku chache uingie naye. Kisha usimame mlangoni. Kisha usimame kwenye ngazi ya jiko ukiimba kwa sauti mbaya asikie uko wapi. Siku akirudi nyuma hatua moja, rudi naye, usihesabu kama kushindwa. Kitandani vivyo hivyo: mumhamishie godoro kando ya kitanda chenu kabla ya kumrudisha chumbani.

Na mambo mawili hapana. Asiitwe mwoga, hata na bibi yake kwa utani. Na yule shangazi au dada wa kazi anayesema "kula, la sivyo namwita lile dubwana" aambiwe leo hii aache. Najua kwamba sote tulilelewa hivyo.

Kaka mtu usimchape. Mpe zamu ya kumsindikiza mdogo wake chooni saa mbili usiku, kila siku mpaka hofu iishe. Ataficha simu yake vizuri sana baada ya hapo.

Usidhani ni deko. Mwaka 1999 Cantor na mwenzake Kristen Harrison waliwauliza wanafunzi wa vyuo vikuu kuhusu picha zilizowatisha utotoni. Tisa katika kumi walikuwa na ya kusimulia, na robo yao walisema hofu hiyo bado wanayo, watu wazima na vitabu vyao kwapani. Wengi hupona wenyewe, na wako atapona. Ila ikipita miezi, au akianza kukataa chakula na kukataa kwenda shule, mpeleke kituo cha afya mkaongee na mtu anayejua mambo ya watoto.

*Shangazi, hujambo. Wanangu wana miaka 8 na 10. Filamu za Kizungu za mazombi nawakataza, lakini za kwetu za majini nawaachia, maana damu hamna na maigizo yenyewe yanachekesha, jini kapakwa unga wa muhogo! Jirani yangu ananilaumu. Kuna ubaya? – Mpenda Bongo Muvi, Unguja*

Sijambo, mwanangu. Jirani ana hoja, ingawa angeweza kukuambia kwa upole.

Zombi ni mgeni. Mwanao hajawahi kusikia kwamba shangazi yake wa Makunduchi alipandwa na zombi. Jini anamsikia. Anasikia fulani kapelekwa kwa shekhe akasomewe, fulani kanywa kombe, fulani asipite chini ya mbuyu magharibi. Wewe mwenyewe ukisikia mlango unagonga saa nane usiku na hakuna mtu, hakuna wazo la zombi litakalokujia. Mwaka 1995, wakati wa Popobawa, jini aliyevumishwa kuwavamia watu usiku, watu wazima Pemba na Unguja walikuwa wakilala nje kwa makundi, moto umewashwa, wanaume wenye ndevu zao. Hakuna sinema iliyofanya vile. Sasa mtoto aliyesikia habari hizo kwa babu yake akiona jini kwenye runinga, hata akiwa amepakwa unga wa muhogo, hahesabu unga. Anaona ushahidi.

Tangu Mussa Banzi alipotoa Nsyuka na Shumileta miaka ile ya 2000, picha zetu za kutisha zimejua siri hii: hazihitaji fedha nyingi, zinakopa hofu iliyomo majumbani tayari. Kwa hiyo usilinganishe uzuri wa vipodozi. Jiulize: jambo hili kwetu linaaminika? Likiwa linaaminika, ongeza miaka miwili juu ya umri unaoufikiria.

Wa miaka 10 anaweza kuangalia akiwa nawe, siyo wewe ukiwa jikoni. Wa miaka 8 asubiri. Na akikuuliza kama majini yapo, mjibu kile ambacho nyumba yenu inaamini kweli, pamoja na dua mnayosoma. Ukimwambia hakuna kitu kama hicho, naye usiku anakuona unatundika hirizi juu ya mlango, umempa tatizo kubwa kuliko filamu.

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni kijana wa miaka 15. Kwa kuwa wazazi wangu ni wagumu, nikachagua filamu ya zamani yenye daraja la chini, Poltergeist ya 1982. Imeandikwa PG, yaani mzazi aamue tu! Baba akakataa hata kabla sijamaliza kuitaja. Nalala chumba kimoja na mdogo wangu wa kiume wa miaka 7 na tuna runinga humo. Si haki. – Mnyonge, Mombasa*

Marahaba mjukuu. Baba yako amekataa haraka hivyo kwa sababu ameiona. Mtu hasahau.

PG unayoisoma ni ya Marekani ya mwaka 1982, na wakati huo kati ya PG na R hapakuwa na kitu. Jaws ya 1975, papa anayetafuna watu ufukweni, nayo ilikuwa PG. Poltergeist yenyewe bodi iliipa R kwanza, wenye picha wakakata rufaa, ikashuka mpaka PG. Miaka miwili baadaye watoto waliona kwenye Indiana Jones and the Temple of Doom mtu anang'olewa moyo kifuani kwa mkono, wakaona na vijinyama vya Gremlins vikilipuka jikoni, wazazi wakachachamaa. Steven Spielberg, ambaye alikuwa na mkono katika picha zote hizo nilizokutajia, ndiye aliyependekeza liwekwe daraja la katikati. PG-13 ikaanza Julai 1984. Kwa hiyo PG yoyote ya kabla ya hapo isome kama maandishi yaliyofutika. Huko kwenu Kenya bodi ya filamu ina GE kwa wote, PG, 16 na 18. Ukileta hoja kwa baba, lete alama ya nchi unayoishi.

Hata hivyo niko upande wako kwa nusu. Umri wa miaka 15 unaitosha picha hiyo, na kuipenda hofu ukiwa umekaa salama sebuleni si ugonjwa. Mimi mwenyewe nilizeeka na kanda za akina Ramsay wa Bombay, Purana Mandir naijua kwa moyo. Nusu ya pili ni huyo wa miaka 7. Mle ndani kuna mwanasesere kikaragosi anayekaa kwenye kiti mbele ya kitanda cha mtoto, halafu hayupo kwenye kiti, halafu yuko nyuma ya mtoto, anamvuta chini ya kitanda. Kuna mti unaopasua dirisha na kumkamata mtoto kitandani. Kuna msichana mdogo anayenyakuliwa, kisha sauti yake inasikika ndani ya runinga, na nyinyi mna runinga chumbani! Ukiiwasha mle, wewe utafurahi kwa saa mbili na mdogo wako atalala kitandani kwako mpaka umalize kidato cha nne. Muombe baba muiangalie sebuleni, wewe na yeye, mdogo akiwa kwa bibi. Nadhani atakubali, na nadhani atatafuta sababu ya kwenda jikoni mwanasesere akikaribia.

*Mwenzangu, salaam. Mke wa mwanangu amenikataza kuwasimulia wajukuu hadithi za zimwi, anasema nawatia hofu. Wana miaka 4 na 9. Lakini yeye huyohuyo amewawekea katuni ya Coraline, ya mama mwenye vifungo badala ya macho. Nimeangalia robo saa nikasoma Ayatul Kursiy. Nani ana makosa? – Bibi, Bagamoyo*

Alaikumu salaam mwenzangu. Nimecheka mpaka chai ikamwagika. Tuanze na huko kwa mkwe.

Kudhani kwamba katuni ni ya mtoto kwa kuwa ni katuni ndilo kosa lililonisumbua dukani kuliko kanda za damu. Coraline ya mwaka 2009 imetengenezwa kwa wanasesere halisi, wanasogezwa kidogo kidogo na kupigwa picha moja moja, ndiyo maana inaonekana kama kitu unachoweza kukigusa, na ndiyo maana inatisha zaidi ya katuni ya kuchorwa. Marekani na Uingereza zote zimeipa PG: mzazi aamue. Kuna mama wa pili, mzuri, mpishi hodari, anayetaka kumshonea mtoto vifungo machoni ili abaki naye milele. Kwa wa miaka 4, mama aliyegeuka ndiyo hofu kubwa kuliko zote duniani. Asiangalie. Kwa wa miaka 9, mimi ningempa bila kusita, kwa sababu msichana yule anashinda kwa akili na ushujaa wake, hakuna mtu mzima anayekuja kumwokoa, na wazazi wake wanarudi salama. Rudi juu kwa Mama Binti wa Arusha uone nilivyouliza picha inakwishaje.

Sasa kwako. Msimulizi ana kitu ambacho runinga haina: anamwona mtoto. Ukisema "hadithi, hadithi", wakaitikia "hadithi njoo", kuanzia hapo macho yako yako usoni mwao. Mdogo akianza kusogea kwenye paja lako, zimwi wako anaweza kuteleza akaanguka kisimani mapema kuliko ilivyopangwa, ukaingiza wimbo, wakapiga makofi. Runinga haimjui nani anajificha nyuma ya kochi, inaendelea tu. Kwa hiyo hadithi zako nazitetea.

Ila niambie kweli, tuko wawili tu: je, baada ya zimwi kula kijiji kizima huwa unazima taa na kwenda zako kulala? Na mchana, mdogo akikataa uji, zimwi huyo huitwa? Kama ndiyo, mkwe wako hajakosea kabisa. Simulia jioni kabla ya chakula, ili baada yake kuwe na kula, kuoga na kugombana kidogo kabla ya kitanda. Zimwi asitoke kwenye hadithi kuja mezani.

Mwite mkwe, msiongee mbele ya watoto, na usianze na "enzi zetu". Mwambie utaacha kumwita zimwi mchana, naye aiangalie Coraline peke yake kwanza. Vifungo vinaonekana mapema, haitamchukua muda kuamua. Wa miaka 9 aimalizie Jumamosi asubuhi akiwa na mama yake, na wa miaka 4 saa hiyo awe nawe uwanjani akimkimbiza kuku.